Gari la Jumapili Ndilo Gari la Jumatatu

Tangu tutoe kile kipindi cha magari, ujumbe wa sauti haujakatika. Nimeusikiliza wote, mwingine mara mbili, na ukiupanga unapata mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni vijana wenzangu: "Kaka, nikibadilisha ekzosi halafu nichezee kompyuta ya injini, naongeza farasi wangapi?" Fungu la pili ni mama zetu. Mmoja wao, ambaye sauti yake nusura niiite shangazi, alisema: "Nyinyi watoto, gari la kumpeleka bibi kliniki mwaligeuza la mashindano, kisha mwakaa hapo kwenye maikrofoni mkicheka. Mwawafundisha nini wenzenu?"

Kwenye kipindi nilicheka, ni kweli. Hapa sitacheka, kwa sababu kuna jambo sikulisema siku ile, na swali la yule mama limenikera hasa kwa kuwa nalijua jibu lake. Kwa hiyo naandika. Vijana, someni mpaka mwisho, yale ya farasi tutayafikia.

Kwanza kwa wasiojua. Trakdei ni siku ambayo uwanja wa mbio za magari hufunguliwa kwa watu wa kawaida. Unalipa, unakuja na gari lako na leseni yako, unavaa helmeti, gari linapimwa kelele kwa desibeli kabla halijaruhusiwa kuingia. Mnakalishwa darasani mnaelezwa bendera: ya njano maana yake nini, ya buluu nini, nyekundu ukiiona unafanya nini. Duru za mwanzo ni za taratibu, kujua njia. Hakuna saa ya kupima nani kamshinda nani, hakuna kikombe. Kupita gari la mbele kuna upande wake, na unapita aliye mbele akikuruhusu. Ukileta ujuaji unarudishwa nyumbani na pesa zako zimekwenda.

Sisi tunaokaa Leicester tuna bahati, Donington iko karibu tu. Uwanja ule ulianza mbio za magari 1933, na mpaka leo ukitoka kona ya kwanza, Redgate, unateremka Craner Curves na tumbo linabaki juu kilimani. Mara ya kwanza kuteremka pale nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari kama mtoto kwenye bembea ya Idi.

Gari lenyewe ni Honda Civic ya 2009, milango mitano, injini ya 1.8, farasi 140. Liliundwa Swindon, hapa hapa Uingereza, kwenye kile kiwanda kilichofungwa 2021. Baba alilinunua likiwa limeshatumika. Bima iko kwa jina lake, mama na mimi tumeandikwa kama madereva. Ndilo gari pekee nyumbani kwetu. Limebeba mchele wa magunia, limebeba wageni kutoka uwanja wa ndege, na siku tano za wiki mama yangu huliwasha saa 11 alfajiri kwenda kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Sasa lile ambalo sikulisema.

Trakdei yangu ya kwanza nilikwenda kwa siri. Ilikuwa Jumapili. Niliaga kwamba nakwenda kwa rafiki. Gari sikulifanyia chochote, nilijaza petroli nikaenda. Saa nzima ya kwanza ilikuwa raha tupu. Halafu mchana, duru ya saba au ya nane mfululizo, mwisho wa ile njia ndefu ya nyuma, nikakanyaga breki na pedali ikazama. Haikukataa kabisa, ila ilikuwa kama kukanyaga mto wa sufi. Nikapiga piga mguu, ikarudi nusu, nikapita kona kwa upana kuliko nilivyotaka, moyo mdomoni. Nikatoka, nikaegesha, harufu ya kuungua imejaa. Nikangoja gari lipoe. Pedali ikawa ngumu tena, au niliamua kuwa imekuwa ngumu. Nikaendesha polepole hadi nyumbani, nikaosha vumbi jeusi kwenye rimu ili baba asilione, nikatundika ufunguo pale pale kwenye msumari wake.

Jumatatu alfajiri mama akaondoka nalo.

Kuna raundabauti karibu na kwetu ambayo magari hutoka kulia kwa kasi. Mama alikanyaga breki kama anavyokanyaga kila siku, na gari halikusimama kama linavyosimama kila siku. Lilikwenda likasimama pua ikiwa ndani ya raundabauti. Lori likapiga honi, likampita. Hakugongwa, alhamdulillahi. Aliendelea na kazi yake, akarudi jioni, akavua koti, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, hebu litazame gari. Leo breki zaingia ndani." Akaenda kuosha vyombo.

Baba ndiye aliyejua. Alikwenda nje na tochi, akainama kwenye gurudumu la mbele, akarudi na kuniuliza neno moja tu: "Umelipeleka wapi gari hili?"

Nilimwambia. Sitaandika hapa alichonijibu, lakini neno lililobaki nami ni amana. Gari la nyumbani, hata kama ufunguo unao wewe, ni amana. Unalirudisha kama ulivyolichukua, na kama hukuweza, unasema.

Yule mama aliyetuma ujumbe alikuwa anasema hilo hilo. Nami nimekubali. Mahali ninapopishana naye ni pale anapodhani dawa ni kuacha. Ningeacha, nisingejifunza kwa nini pedali ilizama, na breki zile zile zingeendelea kuchakaa chini ya mguu wa mama bila mtu nyumbani kujua. Maana tulipoangalia na baba daftari lake la matengenezo, mafuta ya breki yalikuwa hayajabadilishwa miaka mitano.

Wacha nieleze, kwa sababu hapa ndipo wengi hatujui.

Civic yetu pamoja na mimi ndani ni kama kilo 1,350. Ukiwa kwenye kilomita 160 kwa saa ukashuka hadi 80 kabla ya kona, breki zinameza joto la kutosha kuchemsha lita 3 za maji ya bomba. Birika la umeme la kilowati 3 lingechukua zaidi ya dakika 5 kwa lita zote 3. Breki zako zimefanya kazi hiyo kwa sekunde kama 3, na baada ya dakika moja na nusu unaziomba tena, na tena. Kwenye barabara za mjini hufiki huko, ndio maana gari la familia linaweza kukaa miaka bila kulalamika.

Joto hilo linapita kwenye pedi, linaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga, mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pedi. Hiyo ndiyo pedali iliyozama. Yakipoa, mapovu yanaweza kuondoka na pedali ikaonekana nzima, lakini mafuta ni yale yale mabovu, na pedi zilizoungua juu zimeota ngozi ya kioo, hazishiki kama kwanza. Mimi niliegesha gari la namna hiyo nikampa mama yangu.

Kwa hiyo tulianza upya, mimi na baba, Jumamosi mbili mbele ya nyumba, jeki na spana. Na tulikubaliana kanuni moja: badiliko lolote linalolifanya gari kuwa baya zaidi kwa mama Jumatatu saa 11 alfajiri, hatulifanyi, hata kama lingenipa raha Jumapili. Kanuni hiyo imekata mabishano yote.

Mafuta ya breki yalikuwa ya kwanza. Tuliyatoa yote, tukaweka ya DOT 5.1, ambayo mapya yanavumilia angalau nyuzi 260. Angalieni hapo: DOT 5 bila hiyo nukta moja ni kitu kingine kabisa, ni silikoni, haichanganywi na haya. Tulitumia kama pauni 20. Sasa nayabadilisha kila mwaka, na hilo tayari ni bora kwa mama kuliko alivyokuwa mwanzo.

Za pili ni pedi. Dukani kijana alitaka kuniuzia pedi za mashindano kamili. Baba akamuuliza, "Zikiwa baridi zashika?" Kijana akakiri kuwa zinataka zipate moto kwanza. Basi hapo kanuni ikafanya kazi, maana raundabauti ya alfajiri haikungoji upashe moto pedi. Tukachukua za kati, zinazovumilia joto zaidi lakini zina alama ya R90, yaani zimepitishwa kwa matumizi ya barabarani. Pauni 95 za mbele.

Ya tatu ni matairi. Tuliweka manne mapya, ya aina moja, ya barabarani. Nusu ya mwaka hapa ni mvua, na tairi laini la uwanjani kwenye maji na baridi ni mtihani. Kilichonishangaza ni upepo. Matairi yakipata moto uwanjani presha inapanda, kwa hiyo unapunguza kidogo. Ukisahau kuurudisha kabla ya kwenda nyumbani, asubuhi yakiwa baridi mama anaendesha kwenye matairi yaliyolegea. Kipimo cha presha sasa kinakaa kwenye buti daima, pamoja na pampu, na spana ya kupima ukazaji wa nati. Za Civic yetu ni Nm 108, si "kaza mpaka mkono ukatae".

La mwisho halina bei: kumwaga vitu. Siku ya trakdei kinatoka kiti cha mtoto wa dada, tairi la akiba, mwavuli, mswala, chupa za maji, na ule mtungi wa achari ya ndimu ambao hakuna anayejua uliingiaje chini ya kiti. Chupa moja ikibingirika chini ya pedali ya breki, mafuta yote ya DOT 5.1 hayatakusaidia.

Na dereva naye alibadilishwa. Duru nne au tano, kisha moja ya kupoza, bila kugusa breki sana, kisha natoka. Nikiegesha sivuti breki ya mkono, kwa sababu diski zina moto na pedi zinaweza kung'ang'ania. Naliacha kwenye gia. Nililipia pia nusu saa na mwalimu, na nusu saa hiyo imenipa kasi kuliko kifaa chochote mnachonitumia picha zake.

Sasa vijana, farasi. Hatujaongeza hata mmoja, na ningekuwa na pesa nisingeongeza. Kila farasi unayemwongeza anakufikisha kwenye kona ukiwa na joto zaidi la kumeza. Kama breki zako zilichemka na farasi 140, unataka 180 wa nini? Ekzosi yenye mngurumo inaweza kukufelisha kipimo cha kelele pale getini kabla hujazungusha gurudumu, na kutoa katalisti kunakufelisha ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Kuteremsha gari chini mpaka linagusa matuta, mama anapita matuta sita kwenda kazini. Na hili ni zito zaidi: msing'oe viti vya nyuma mkaweka fremu ya mabomba ya chuma ndani halafu gari lirudi mjini. Uwanjani kichwa chako kina helmeti. Mjini mama hana helmeti, ana mtandio, na bomba la chuma liko karibu na sikio lake. Mikanda ya mashindano nayo imekusudiwa kiti chake na fremu yake. Mkanda wa kawaida wa gari uliundwa pamoja na kiti chake na mifuko ya hewa. Uacheni.

Kuna mwenzetu alisema kwenye ujumbe, "Bima usiwaambie, hawatajua." Nimeumia kusikia. Sheria ya hapa ya 2012 inakutaka uwe mwangalifu usiipotoshe kampuni unapochukua bima. Ukidanganya kwa kusudi, wana haki ya kuifuta bima na kukataa madai yako. Kwetu sisi, bima ile ni ya baba, na anayeendesha kila siku ni mama. Uongo wangu ungemwangukia mama, siku amegongana kwenye barafu akitoka kazini, anatoa simu anapiga, anaambiwa bima haipo. Tulipiga simu. Tukawaeleza pedi, mafuta, kila kitu. Wakaongeza pauni 30 kwa mwaka. Na jueni kwamba bima ya kawaida haifuati gari uwanjani. Ipo bima ya siku moja ya trakdei, ni ghali kidogo. Mimi hujiuliza hivi kabla ya kulipia nafasi: nikilivunja leo, familia itakwenda na nini kesho? Nisipokuwa na jibu, siendi. Mwaka jana kuna mara mbili sikwenda.

Najua jibu la busara: nunua kigari cha pili cha bei rahisi, kiharibike chenyewe. Ni kweli, na mwenye uwezo afanye hivyo. Ila wengi wetu tunakaa nyumba zenye nafasi moja ya kuegesha, na bima ya kijana peke yake inaweza kuishinda bei ya gari lenyewe. Gari la nyumbani ndilo tulilonalo.

Na si jambo geni kwetu, hata kama wazee wanajifanya wamesahau. Nilipomaliza kufokewa, baba alianza kusimulia Safari Rally ya utotoni mwake Mombasa, redio imewekwa dirishani mtaa mzima usikie. Mashindano yale yalianza 1953 kwa magari ya kawaida ya kununuliwa dukani. Joginder Singh alishinda 1965 na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Mwaka 1975 ikashinda Peugeot 504. "Ile ile," baba akasema, "iliyombeba bibi harusi Jumamosi na abiria tisa Jumatatu." Nikamuuliza mbona ilishinda, haikuwa na farasi wengi. Akasema yalishinda magari yaliyofika. Nusu ya siri ilikuwa kwa makanika waliokuwa wakiyalaza chini usiku kuyatengeneza. Kisha akanipa spana, akaniambia nishike tochi vizuri.

Nami nataka kumrudia yule mama. Umeuliza tunafundisha nini. Mimi tangu kuzaliwa huku nimeendesha gari nikiwa sijui hata mafuta ya breki ni kitu gani. Nilidhani yamo tu, kama damu. Wapo vijana wetu wanaofanya mashindano usiku kwenye maegesho ya maduka na barabara za viwandani, hakuna ambulansi, hakuna mwenye bendera, na anayekuja mbele yako ni mama wa mtu akitoka zamu. Simwambii kijana yeyote kwamba trakdei itamponya upuuzi. Haikuniponya mimi. Kilichoniponya ni pua ya gari ndani ya raundabauti. Lakini uwanjani wote tunaelekea upande mmoja, na asubuhi yake unalazimika kufungua boneti na kutazama.

Siku hizi Jumapili jioni nikirudi, naangalia upepo, nati, mafuta, naangalia pedi kwa tochi. Halafu situndiki ufunguo kwenye msumari. Nampa mama mkononi. Anatoka na kanga yake mabegani, anawasha gari pale pale mlangoni, anakanyaga breki mara tatu, taratibu, akitazama mbele. Mara nyingine anatoka hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Hasemi kitu. Wiki mbili zilizopita alikanyaga, akanyamaza, akaniambia, "Leo iko chini kidogo." Mimi sikuhisi tofauti yoyote. Tukafungua: pedi za mbele zilikuwa zimebaki nyembamba kuliko nilivyokisia. Jumatatu alikwenda kazini kwa basi, na mimi nikachelewa kazini nikibadilisha pedi.

Kama gari lenu la nyumbani linakwenda uwanjani, au mwalitaka liende, tuma ujumbe wa sauti utuambie nani nyumbani kwenu anakanyaga breki kabla ya Jumatatu. Na kama bado hawajui kuwa unakwenda, waambie usiku huu.